Ukuta wa Duka la Mathe Si wa Bure

Kwa duka la mathe, Kayole, kuna kopo la peremende kwenye rafu ya juu kabisa, nyuma ya majani chai. Ndani hakuna peremende. Kuna vikaratasi 43, kila kimoja kimeandikwa kwamba mwenye nacho ameshinda pakiti moja ya bure.

Hadithi yake ni fupi. Kampuni moja ya bidhaa za nyumbani, jina sitalitaja, ilileta promosheni. Ukifungua pakiti ukapata kikaratasi, unaenda duka lolote unapewa nyingine. Kijana wao wa mauzo akamwambia mathe, "Mama, wewe wape tu, sisi tutakurudishia." Mathe akawapa. Angekataa vipi, na hao ni majirani, na tangazo liko kwa TV? Promosheni ikaisha, kijana akahamishwa, na nambari yake tangu hapo ni mteja hapatikani.

Hebu tupige hesabu. Pakiti moja mathe alikuwa ananunua kwa jumla shilingi 22 na kuiuza 25. Pakiti 43 mara 22 ni shilingi 946. Faida yake ni bob 3 kwa pakiti, kwa hivyo ili arudishe hiyo pesa lazima auze zaidi ya pakiti 300. Kukopa harusi, kulipa matanga. Tofauti ni kwamba hapa harusi ilikuwa ya mwingine.

Mbona nakumbuka haya sasa? Kwa sababu mwezi uliopita nilipigiwa na watu wa kampeni. Ni kampeni ya dunia nzima, kutoka Lagos hadi Manila, rangi moja, wimbo mmoja, maneno mamoja. Walitaka nifanye video tatu, na doh ilikuwa poa, karibu kodi yangu ya miezi miwili. Maneno niliyotakiwa kusema yalikuwa hivi: ingia duka lolote la mtaani, onyesha simu yako, chukua yako bure.

Nikauliza swali moja tu. "Huyo mwenye duka analipwa lini?"

Kukawa kimya. Halafu mtu akasema hiyo wataiangalia baadaye, kwa sasa maduka yatapewa mabango.

Nikawaomba siku kadhaa nifikirie. Historia shuleni nilisoma ya mtihani tu, lakini hizo siku nilikaa chini nikaanza kusoma jinsi kampeni kubwa zaidi za dunia zilivyoingia madukani. Nikachagua kampuni ambayo kila mtu hapa anaijua, ile ya soda nyekundu, Coca-Cola. Nilichopata ndicho nataka kuwaambia leo. Mnasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza? Basi hii imejitembeza kuliko zote, na mlango wa kwanza iliobisha ulikuwa wa muuza duka.

Glasi tisa kwa siku

Tarehe 8 Mei 1886, mji wa Atlanta, Marekani. Mwanafamasia anayeitwa John Pemberton amechemsha sirapu ya rangi ya kahawia na kuipeleka Jacobs' Pharmacy, duka la dawa. Wakati huo maduka ya dawa Marekani yalikuwa na kaunta ya soda. Unakaa, muuzaji anaweka sirapu kwenye glasi, anaongeza maji ya gesi, unalipa senti 5, unakunywa hapo hapo. Mwaka huo wa kwanza kinywaji cha Pemberton kiliuza wastani wa glasi 9 kwa siku. Tisa! Mama wa uji hapa stejini anauza hizo kabla matatu ya kwanza haijajaa.

Pemberton alikuwa mgonjwa, na Agosti 1888 akafariki. Biashara ikaangukia mikononi mwa Asa Candler, ambaye kufikia 1891 alikuwa ameimiliki yote kwa jumla ya dola 2,300. Na hapa kuna jambo ambalo watu wengi wanaliruka: Candler mwenyewe alikuwa muuza dawa. Alikuwa amesimama nyuma ya kaunta miaka mingi. Ukimletea bidhaa mpya, alijua swali ambalo mwenye duka anajiuliza moyoni huku akikutabasamia: mimi napata nini?

Jibu lake lilikuwa tiketi. Kampuni ilimwomba mwenye duka la dawa majina na anwani za watu wa mtaa wake. Kisha ikawatumia hao watu kikaratasi kwa posta: njoo unywe glasi moja ya Coca-Cola bila malipo. Inafanana na promosheni ya mathe, sivyo? Lakini gharama ya hizo glasi ilibebwa na kampuni, wala si mwenye kaunta. Yeye alipata mteja mpya mlangoni, na huyo mteja akishafika ananunua na dawa ya kikohozi, sabuni, na wembe. Kati ya 1894 na 1913 hesabu ya kampuni inasema glasi za bure zilifika milioni 8.5, yaani karibu Mmarekani mmoja kati ya kila 9 aliwahi kuinywa bure.

Na faida? Galoni moja ya sirapu ilitoa glasi 128. Kwa senti 5 kila moja, hiyo ni dola 6.40, na galoni yenyewe muuzaji aliinunua kwa bei ya chini sana kuliko hapo. Si bob 3 hizo. Hakuhitaji kusukumwa ndiyo aisifie wateja, maana mfuko wake ulikuwa unamwambia aisifie.

Candler hakuishia hapo. Aliwapa wenye maduka vitu vya kutumia: saa za ukutani, mizani za kupimia dawa, kalenda, sinia, vyote vikiwa na jina la kinywaji. Fikiria hiyo akili. Mwenye duka anaangalia saa tu, na anayeingia anasoma tangazo. Bango ukimletea mtu linajaza ukuta wake. Saa ukimletea inamfanyia kazi.

Kufikia 1895 Candler alikuwa anajigamba kwamba kinywaji chake kinanyweka katika kila jimbo la Marekani. Miaka tisa, kutoka glasi tisa. TV haikuwepo, redio pia. Wauza duka ndio waliokuwepo.

Ukuta wa kwanza

Mwaka 1894, mji mdogo wa Cartersville, huko huko Georgia, muuzaji wa sirapu anayeitwa James Couden alichukua brashi akapaka jina la Coca-Cola kwenye ukuta wa pembeni wa duka la dawa la Young Brothers. Huo ndio unaotajwa kuwa ukuta wa kwanza wa nje kupakwa tangazo hilo. Bado upo, na watu wanaenda kupiga picha.

Sasa toka hapo ulipo, tembea mtaani kwako. Hesabu maduka yaliyopakwa rangi nyekundu, kijani, bluu, manjano. Rangi ya soda, rangi ya mtandao wa simu, rangi ya sabuni, rangi ya unga. Jina la kampuni liko juu, kubwa, linaonekana kutoka barabarani. Jina la duka liko chini, dogo, wakati mwingine limekosewa.

La mathe lilipakwa nikiwa darasa la sita. Nilimuuliza juzi alilipwa ngapi. Akacheka. "Kulipwa? Mabati yalikuwa yameanza kutu. Wakaniletea rangi, nikasema asante."

Na simlaumu. Rangi ni rangi, na kutu ni kutu. Lakini fikiria hivi: bango la barabarani hulipiwa kila mwezi. Mwenye ukuta wa gorofa ukitaka kumning'inizia tangazo lako, atakupa bei na mkataba. Ukuta wa mathe umesimama kwenye kona ambayo watoto wa shule mbili hupita asubuhi na jioni, na bei yake ilikuwa kopo mbili za rangi, mara moja, miaka kumi na kitu iliyopita. Huo ni mchango wa mathe kwa kampeni ya dunia nzima, na hakuna mahali umeandikwa.

Bei iliyoandikwa ukutani

Kuna jambo lingine kwenye zile kuta za zamani. Hazikuwa na jina pekee, zilikuwa na bei: senti 5. Kuanzia 1886 hadi miaka ya 1950, zaidi ya miaka 60, chupa au glasi ya Coca-Cola ilikuwa senti 5. Vita viwili vya dunia vikapita, mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ukapita, bei iko pale pale.

Sababu moja ni mkataba. Mwaka 1899 mawakili wawili, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walimwendea Candler wakaomba haki ya kuweka kinywaji kwenye chupa. Candler hakuamini sana mambo ya chupa, kwa hivyo akawapa haki hiyo karibu bure, kwa dola 1, na akakubali kuwauzia sirapu kwa bei ambayo haikuwa na tarehe ya mwisho. Sasa kampuni ikawa na njia moja tu ya kuongeza mapato: kuuza nyingi zaidi. Na ili ziuzwe nyingi, bei ya mwisho dukani lazima ibaki chini. Ndiyo maana wakaiandika kila mahali. Mteja akishaisoma ukutani, mwenye duka ataongeza senti kwa ujasiri gani?

Kwa hivyo tangazo lilikuwa linaongea na watu wawili kwa wakati mmoja. Kwa mteja lilisema karibu. Kwa mwenye duka lilisema usijaribu. Mwishowe hata kampuni yenyewe ilinaswa. Mashine zake za kuuzia zilikuwa zinameza sarafu ya senti 5 pekee, hadi mwaka 1953 mkubwa wake, Robert Woodruff, akamwandikia Rais Eisenhower kuomba sarafu mpya ya senti 7 na nusu itengenezwe. Haikutengenezwa.

Na msidhani ilikuwa zawadi na tabasamu tu. Kulikuwa na wauza kaunta wajanja waliokuwa wakimimina sirapu ya bei rahisi kisha wanasema ni Coca-Cola. Kampuni ikawa inatuma watu wake wanajifanya wateja, wanaagiza, wanachunguza kilicho kwenye glasi. Ukipatikana, mnakutana kortini. Kwa hivyo mkono mmoja ulikuwa na saa ya ukutani, na mwingine ulikuwa na wakili.

Wimbo mzuri ambao wenyewe waliukataa

Tuje 1971. Hii itawashangaza wale mnaopenda matangazo ya zamani. Bila shaka mmeona lile la vijana wa mataifa mengi wamesimama mlimani Italia, kila mmoja na chupa, wakiimba. Linatajwa kati ya matangazo maarufu zaidi ya karne iliyopita.

Wazo lilimjia Bill Backer, mtu wa matangazo, Januari 1971 ndege yake iliposhindwa kutua London kwa sababu ya ukungu, abiria wakalala Ireland. Asubuhi akaona watu waliokuwa wamekasirika jana wamekaa pamoja, wanacheka, wanakunywa soda. Wimbo ukaandikwa, na mwezi Februari ukapelekwa redioni.

Ukaanguka. Kampuni za kujaza chupa, zile zinazopeleka kreti madukani, hazikuupenda, na nyingi zikakataa kuununulia muda hewani. Na zilikuwa na uwezo wa kukataa, maana pesa za kuurusha kwenye miji yao zilikuwa zao. Backer ilibidi aombe nafasi ya pili, ndipo ikapigwa ile filamu ya mlimani kwa zaidi ya dola 250,000. Ilipotoka, watu wakaipenda, na wale wenye kreti wakabadilisha msimamo.

Ni kweli, hao si wenye maduka. Lakini wako upande ule ule wa barabara. Wazo linaweza kuzaliwa uwanja wa ndege, bosi akalipenda, studio ikalirekodi, lakini kati ya hapo na mteja kuna watu wenye lori, friji, na kaunta. Wakisema hapana, dunia nzima haisikii kitu. Kama tunavyosema hapa, kwa graundi mambo ni tofauti.

Friji ni ya nani?

Soda moto hainunuliwi. Woodruff, aliyeanza kuongoza kampuni mwaka 1923, alikuwa na msimamo kwamba kinywaji kiwe pale mkono unapofika kiu inapokuja. Kwa hivyo mwaka 1929 wakatoa sanduku la kupozea soda kwa barafu, jekundu, jina limeandikwa pande zote, kwa bei nafuu ya dola 12.50. Duka la mafuta ya gari, kinyozi, kibanda cha kona, wote wakaweza kuuza soda baridi. Mwenye duka akapata bidhaa inayotembea haraka. Kampuni ikapata bango lenye barafu ndani.

Hapa hapa ndipo msaada unapoanza kuwa kamba. Kama friji ni moja na ni ya kampuni, nani anaamua kinachoingia? Ukipita madukani mtaani utasikia wenye maduka wakinong'ona kuhusu hili, na si kwa kampuni moja. Mtu anaficha maji ya kampuni nyingine nyuma kabisa, anaweka mtoto awe macho, gari la wakaguzi likionekana anayatoa mbio.

Swali hilo lilifika mbali. Mwaka 2005 Kamisheni ya Ulaya ilimaliza uchunguzi wake kwa Coca-Cola kukubali masharti ya kisheria. Sharti moja lilisema kwamba pale ambapo duka halina friji nyingine ila ile ya bure ya kampuni, mwenye duka yuko huru kutumia angalau asilimia 20 ya nafasi kuweka bidhaa za wengine. Afrika Kusini nayo, mwaka 2016, wakati wajaza chupa wakubwa walipokuwa wanaungana kuwa Coca-Cola Beverages Africa, iliweka sharti kama hilo: asilimia 10 ya nafasi kwa watengenezaji wadogo wa huko, kwenye maduka madogo yasiyo na friji nyingine.

Soma hizo namba tena. Ilibidi serikali ziingilie ndiyo mwenye duka apewe rafu moja ndani ya friji iliyoko kwa duka lake mwenyewe, inayotumia stima anayolipia yeye.

Huku kwetu

Coca-Cola ilifika Kenya mwaka 1948. Lakini hapa njia ya Atlanta haikutosha. Duka la mtaani halina stoo ya kreti hamsini, na mwenyewe hana pesa ya kuzinunua kwa pamoja. Ananunua moja, akiuza ndiyo anaitisha nyingine. Lori nalo haliingii kwenye vichochoro.

Suluhisho lilianza Ethiopia mwaka 1999, kisha likaenea Kenya, Tanzania na kwingine. Badala ya kulazimisha lori, waliweka depo ndogo ndani ya mtaa, mwenyewe ni mtu wa pale pale, na kutoka hapo kreti zinaenda kwa mkokoteni hadi mlangoni. Wale jamaa wa mkokoteni unaowaona wakisukuma kreti saa mbili asubuhi ni sehemu ya huo mpango. Mwenye duka hafungi duka kwenda kununua mzigo, na anaweza kuchukua kidogo mara nyingi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: hapo walimsikiliza mwenye duka kabla ya kumhubiria.

Mwaka 2010 wakatangaza mpango mwingine wa dunia, 5by20, wa kuinua kina mama milioni 5 wa biashara ndogo kufikia 2020 kwa mafunzo na mikopo. Baadaye walisema wamepita lengo. Unaweza kuuita wema, unaweza kuuita hesabu. Mimi naona vyote viwili. Mama wa duka akikua, kreti zinakua.

Na ile kampeni ya majina kwenye chupa je? Ilianza Australia mwaka 2011 na majina 150 yaliyopendwa zaidi huko, ikazunguka dunia hadi ikatufikia. Nilikuwa mtoto. Tulimaliza mchana mzima kwa duka la mathe tukigeuza chupa kutafuta majina yetu na ya wale tuliowapenda kisirisiri. Mathe hakutufukuza. Alikuwa anauza kuliko kawaida, na anacheka. Sasa ndiyo naelewa kwa nini alituvumilia. Hakuna mtu alimwomba atoe chochote cha bure. Kampeni ilimletea watoto wenye pesa mkononi, kazi yake ikawa kupokea tu.

Weka hiyo kando ya lile kopo la peremende. Ni duka lile lile na mathe yule yule. Moja ilimletea mauzo, nyingine ikamwachia deni.

Nilichowajibu

Baada ya kusoma haya yote niliwaandikia watu wa kampeni. Sikuwaandikia insha kama hii, msijali. Niliuliza mambo matatu.

Kwanza, mzigo wa bure utafika dukani kabla ya video yangu kutoka, au mwenye duka atatoa wake kisha asubiri? Candler alijua jibu sahihi zaidi ya miaka 130 iliyopita, na hakuwa na hata simu ya kutumia pesa. Sisi tuna M-Pesa. Kumrudishia mama shilingi 22 kunachukua sekunde kumi. Asiporudishiwa, kuna mtu aliamua asubiri.

Pili, mwenye duka anapata nini kinachofanya kazi yake iwe rahisi? Bango halihesabiki. Ana mabango.

Tatu, akikataa kushiriki, anaruhusiwa? Maana nikishasema "duka lolote" mbele ya watu elfu tisini, nimemfunga. Mteja atakuja na simu yake, mama aseme hajui hiyo promosheni, na mteja atamwona mwizi. Hatamwona bosi wa kampeni, wala mimi. Atamwona mama.

Walinijibu baada ya siku nne, kwa heshima, kwamba ratiba imebana na wamepata mtu mwingine. Sitawadanganya kwamba sikuumia. Hiyo kodi nimeilipa kwa kuuza kamera yangu ya pili. Na huyo mwenzangu aliyeichukua simlaumu, kila mtu na mwenye nyumba wake.

Lakini nyinyi mnaofanya hii kazi, au mnaotaka kuianza, ulizeni hilo swali kabla ya kufika kwenye bei yenu. Mwenye duka analipwa lini? Ni swali la biashara kabisa, si la huruma. Kampeni zilizodumu ni zile ambazo mtu wa kaunta alikuwa na sababu yake mwenyewe ya kuzitaka ziendelee. Zile zilizomtegemea kwa wema wake zinaishia kwenye kopo juu ya rafu.

Na nyinyi wateja, ukienda na kikaratasi chako cha ushindi na mama akasita, mpe nafasi. Muulize kama kampuni imemletea mzigo. Huenda anahesabu bob 3 zake kichwani.

Nilimsomea mathe hii yote kabla ya kuiweka hapa. Alisikiliza huku anapima sukari ya mtu. Nilipomaliza akauliza kama Candler aliwahi kulipa zile glasi zote kweli. Nikamwambia ndiyo.

"Basi huyo alikuwa amewahi kuuza duka," akasema.

Nikamuuliza mbona hatupi vile vikaratasi 43, na promosheni iliisha miaka iliyopita. Akaangalia juu kwenye rafu.

"Siku nikihitaji kopo."